Kufuli Lilibaki Limefungwa

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji ya kutawadhia, na bomba letu liko uani, hatua chache kutoka banda la gari. Alirudi ndani, akanigusa bega, akasema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia nyumbani kukiwa na mgonjwa: "Baba, njoo uone mlango."

Nilitoka na tochi. Mlango wa banda letu ulikuwa wa mabamba mawili ya chuma yanayokutana katikati, na pale katikati ndipo liliponing'inia kufuli. Nililimulika hilo kwanza. Lilikuwa zima, limefungwa, halina hata mkwaruzo, nikashusha pumzi. Kisha nikasogeza mwanga kushoto. Bamba lilikuwa limechomoka kwenye bawaba zake, limelala upande, na nyuma yake banda liko wazi. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ubavu ambao sikuwahi kuufikiria kuwa ni mlango. Kufuli lilibaki limefungwa, likilinda bamba ambalo halikuzuia tena kitu chochote.

Ilikuwa mwaka 2011, Tabata, Dar es Salaam. Waliokuwa mjini mwaka ule hawajausahau mgawo wa umeme. Umeme ulikatika kwa saa nyingi mchana na usiku, na kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Mtaa wetu ulikuwa ukilala gizani huku jenereta zikiunguruma hapa na pale hadi usiku wa manane. Katika mngurumo ule mtu angeweza kugonga chuma kwa nyundo na asisikike nyumba ya pili. Sisi wenyewe tulikuwa na jenereta ndogo, lakini usiku ule haikuwa na mafuta, kwa hiyo ilikuwa bandani. Wezi waliondoka nayo.

Waliondoka pia na betri ya gari, vioo vyake viwili vya pembeni, na baiskeli ya mwanangu wa kwanza. Vyote hivyo ni vya kununuliwa, na kwa kudunduliza tulivinunua tena. Kilichoniuma mpaka leo ni sanduku la spana la marehemu baba. Baba alifanya kazi katika karakana ya reli kwa miaka mingi, na zile spana alizinunua mojamoja kwa mshahara wake. Kila moja alikuwa ameitia alama ndogo mbili kwa tindo karibu na mdomo, ili zisichanganyike na za wenzake. Hakutuachia shamba wala nyumba ya kupangisha. Alituachia sanduku lile.

Kulipopambazuka niliona jinsi ilivyofanyika. Mbele ya banda palikuwa na bomba la chuma refu kama mtu mzima, na kipande cha tofali la saruji. Tofali lilikuwa karibu na ubavu wa mlango, juu yake pana alama mbichi ya bomba lililoegemezwa. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Kila mwaka nawafundisha watoto habari za wenzo: mzigo huku, egemeo katikati, jitihada kule mwisho, na kadiri mkono wa jitihada unavyokuwa mrefu ndivyo mtu anavyoweza kuinua kitu kizito kuliko nguvu zake. Nachora ubaoni mtu akiinua jiwe. Asubuhi ile mchoro wangu ulikuwa mbele ya banda langu, na mzigo ulikuwa mlango.

Bawaba zetu zilikuwa zile za vipande viwili vinavyochomelewa kwenye mageti mengi: kipande cha chini kina pini iliyosimama, na cha juu kina tundu, kinaivaa pini ile kama kofia. Ni bawaba nzuri, hazisumbui. Lakini pini ina urefu wa inchi moja na nusu tu, na juu ya bamba fundi aliyejenga alikuwa ameacha nafasi pana kuliko hapo, ili mlango usikwaruze fremu. Ukiliinua bamba kwa inchi mbili, linavua kofia yake lenyewe. Upande wa kufuli hauna haja ya kufunguka. Unageuka kuwa kiungo, na mlango unafunguka kinyume.

Kufuli lile nililinunua Kariakoo. Nilizunguka maduka matatu, nikachagua zito kuliko yote, upinde wake mnene kama kidole cha mwisho. Miaka mitatu nililala nikiliamini. Ninapofikiri sasa, naona kwamba kila fikra yangu kuhusu usalama wa banda ilianzia na kuishia pale. Nilikuwa nautazama mlango kwa macho ya mtu mwenye ufunguo, na mtu mwenye ufunguo haoni kingine zaidi ya mahali pa kuutia.

Nilikwenda kituoni, nikatoa maelezo, nikachukua RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu. Askari aliyeniandikia alikuwa kijana mpole. Aliniuliza jenereta ni ya aina gani, nikamwambia. Akauliza namba yake, ile iliyogongwa kwenye kibati. Sikuijua. Namba ya fremu ya baiskeli? Sikuijua. Spana je, zina alama? Hapo nilijibu kwa haraka, kwa kuwa baba alikuwa ameshafanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku ile niliielewa methali hiyo nikiwa nimesimama kaunta. Tangu hapo tuna daftari la kurasa chache: kitu, tarehe ya kununuliwa, namba yake, na picha ya risiti kwenye simu. Alama ya tindo ndiyo mke wangu aliipenda zaidi. Kila chombo chetu cha bei sasa kina nukta mbili mahali ambapo macho ya haraka hayafiki.

Fundi wa kuchomelea aliyeletwa na jirani alikuja siku ya pili. Nilitegemea aanze kwa kupima kufuli. Badala yake aliomba kiti kidogo, akakaa nje ya banda, upande wa barabara, na chaki mkononi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaanza kutia alama: hapa, hapa, na hapa. Alipofika ya saba nilimuuliza anahesabu nini.

"Mwalimu," alisema, "naingia. Hizi ni njia zangu. Wewe umefunga moja."

Nilisikia mwili ukinisisimka, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeyasikia zamani, nikayasahau.

Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala wa Mji Mkongwe, Unguja. Likizo za shule tulivuka kwenda kwake, na nilipokuwa na miaka tisa hivi alinishika mkono akanisimamisha kichochoroni mbele ya mlango wa nyumba yake, ule mlango wa kale wa mbao nzito wenye nakshi na vifundo vya shaba. Akaufunga, akasimama nami nje. "Haya, weye ni mwizi," akaniambia. "Ufunguo huna. Utaanzia wapi?"

Nilitafuta bawaba, sikuziona. Babu akanifungulia akanionyesha: kila ubao wa mlango una ncha ya mbao juu na nyingine chini, na ncha hizo zinazunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa kwenye vizingiti. Mlango unafungukia ndani, na mwili wake wote unalindwa na fremu yake. Nilitafuta mwanya kati ya mbao mbili, nao sikuuona, kwa sababu umefunikwa na mfaa, ule mwimo mnene wa katikati ulioshikana na ubao mmoja na kumfunika mwenzake. Mtu aliye nje hapati pa kupenyeza hata kisu. Ubao wenye mfaa haufunguki mpaka mwenzake atangulie, na zote mbili zikifungwa, mfaa unaufunika mwanya wote, juu hadi chini. Nikamwambia babu sioni pa kuanzia. Akacheka, akanipa haluwa.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na watu wanatoka mbali kuja kupiga picha milango ile. Wanaipiga kwa ajili ya nakshi, na nakshi inastahili. Lakini nilipokuwa nimekaa na fundi pale Tabata, nilichokiona ni hesabu iliyo chini ya nakshi. Mafundi wale waliificha bawaba, wakaufunika mwanya, wakaukabidhi uzito wa mlango kwa ukuta. Mimi mjukuu wao nilikuwa nimejenga banda lenye bawaba nje, mwanya wa kuingiza vidole vitatu, na imani yote ndani ya kufuli moja.

Tuliyofanya katika wiki ile nitayaeleza kama fundi alivyoyafuata kwa alama zake za chaki, maana ndio mpangilio ninaomshauri mtu yeyote aliye na banda la gari.

Alianza na bawaba. Ya chini aliiacha kama ilivyo, pini ikitazama juu. Ya juu aliikata, akaipindua, akaichomelea upya pini ikitazama chini. Jambo hilo halichukui saa mbili, na linabadilisha kila kitu: bamba likitaka kupanda, bawaba moja inalizuia, likitaka kushuka, nyingine inalizuia. Halitoki tena bila chuma kukatwa. Kisha akapunguza ile nafasi ya juu kwa kuchomelea chuma bapa kwenye fremu, pakabaki unene wa sarafu mbili. Kwa wenye milango ya mbao inayofungukia nje, ambayo bawaba zake zina pini ya kugonga ikatoka, kanuni ni hiyohiyo: pini ichomelewe kichwa, au ubao utiwe vyuma vifupi upande wa bawaba vinavyoingia kwenye matundu ya fremu mlango unapofungwa. Hata pini zikitolewa, vyuma vile vinaushikilia.

Alama ya pili ilikuwa katikati. Akachomelea chuma bapa cha upana wa inchi tatu, kutoka juu hadi chini, kwenye bamba linalofunguka kwanza, kikalifunika la pili. Nilimwambia kwetu kitu hicho kinaitwa mfaa. Alilirudia neno lile mara mbili, akasema wao mtaani hawana jina lake. Nasikia siku hizi anawaambia wateja: "Nikuwekee na mfaa?"

Ya tatu ilikuwa masikio ya kufuli, yale mabamba madogo yenye tundu ambamo upinde wa kufuli hupita. Yangu yalishikwa kwa skrubu nne fupi. Kufuli la bei kubwa lilikuwa limefungwa kwenye kitu ambacho bisibisi ya mtoto ingekitoa. Aliyang'oa, akaweka mengine ya chuma kinene, yamepitishiwa bolti za milimita 10 zinazopenya mlango mzima: nje kichwa laini cha mviringo kisichoshikika, ndani nati. Halafu akalihamisha kufuli lenyewe ndani. Alikata tundu la kupitisha mkono, akalizungushia kiboksi cha chuma, ili mwenye ufunguo aingize mkono na kufungua kwa kupapasa, lakini mtaimbo au mkasi wa kukatia chuma usipate nafasi ya kupanuka. Mageti mengi ya mjini yana tundu kama hilo. Wengi wanadhani ni la urahisi tu wa kufungua ukiwa nje. Kazi yake kubwa ni kuuficha upinde wa kufuli.

Ya nne na ya tano zilikuwa makomeo ya juu na chini ya lile bamba linalobaki limesimama. Nilikuwa nayo, lakini la chini lilikuwa halijashuka kwa zaidi ya mwaka. Tundu lake sakafuni lilijaa mchanga, komeo likawa linagusa mchanga na kusimama, nami nikaridhika kusikia limegonga. Fundi alichimba, akazika kipande cha bomba ndani ya zege kwa kina cha inchi sita, na komeo jipya akalitengeneza kwa nondo ya milimita 16. Mtu akiusukuma mlango kwa bega sasa anasukumana na sakafu ya nyumba.

Ya sita ilikuwa bati lenyewe. Namba za geji zinawachanganya watu, kwa sababu namba ikipanda unene unashuka: geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 ni kama milimita 1.5. Langu lilikuwa jembamba zaidi ya hayo mawili, na chini, pale maji ya mvua yanaporuka, kutu ilikuwa imeshalitafuna. Hatukuwa na fedha za kubadilisha mlango mzima. Alikata futi mbili za chini, akaweka geji 16, na kwa ndani akapitisha mabomba ya mraba ya kulala, matatu, kiasi kwamba hata bati likipasuliwa hapatatokea tundu la mtu kupita.

Ya saba ilikuwa fremu. Aliigonga kwa nyundo ukutani, akanisikilizisha mlio. Mahali pawili ulikuwa mlio wa utupu. Miguu ya fremu, vile vyuma vinavyopaswa kuzama ndani ya ukuta, ilikuwa imetiwa kwenye plasta tu. Tulibomoa pale, tukaongeza miguu, tukajaza zege, na kwa siku saba nikawa namwagia maji asubuhi na jioni ili likomae.

Kazi yote, chuma, saruji, umeme wa kuchomelea na ujira wa fundi, ilinigharimu pungufu ya bei ya jenereta iliyoibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa nimeufundisha msemo huo darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Siku ya mwisho fundi alisimama ndani ya banda, akageukia mlango mwingine ambao sikuwa nimemwita kwa ajili yake. Ni ule mdogo unaotoka bandani kuingia jikoni. Ulikuwa wa ubao mwepesi wenye utupu ndani, wa aina inayowekwa chumbani, na kitasa chake kilizungushwa kwa ufunguo unaofanana na wa nyumba nyingine kumi. "Usiku ule," aliniambia, "wangeendelea." Nilihisi baridi. Walikuwa wamesimama pale, wamefichwa na kuta tatu, na muda wote waliouhitaji, na kati yao na watoto wangu palikuwa na ubao wa unene wa kidole. Banda likishaingiliwa linakuwa karakana ya mwizi: ana kivuli, na mara nyingi ana nyundo, mtaimbo na ngazi za mwenye nyumba mwenyewe. Kwa hiyo mlango huo wa ndani ndio mlango halisi wa nyumba. Tuliuwekea mninga, fremu mpya, kitasa kizuri na komeo kwa upande wa jikoni. Ngazi na vyuma vizito tukavifunga kwa mnyororo ukutani.

Huo mlango wa jikoni ndio ulionifundisha somo la pili, ambalo sikulitaka. Kwa hofu iliyonibakia niliuongezea kufuli upande wa jikoni, na ufunguo nikawa natembea nao. Mwaka uliofuata nilikuwa Morogoro kwa semina. Jioni moja mafuta ya kukaangia yalishika moto jikoni. Mama mkwe alikuwa pale na wajukuu wawili. Njia ya karibu kabisa ya kutoka ilikuwa bandani, na ilikuwa imefungwa kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu, kilomita karibu 200 kutoka pale. Mama mkwe ana akili tulivu: alizima jiko, akafunika sufuria kwa mfuniko, moto ukafa. Hakuna aliyeumia. Aliponipigia simu hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na kama mfuniko ungekuwa mbali?"

Niliporudi nililitoa lile kufuli usiku huohuo. Komeo la ndani linatosha, maana aliye ndani analifungua kwa mkono mtupu. Tangu hapo najiuliza maswali mawili kwa kila mlango: aliye nje bila ufunguo ataanzia wapi, na aliye ndani bila mwanga atatokea wapi. Nyumba nyingi za mjini, zenye nondo kila dirisha na makufuli kila mlango, zinajibu swali la kwanza tu. Mlango unaomfungia wa ndani ni hatari kuliko ule unaomruhusu wa nje, kwa sababu jenereta inanunuliwa tena.

Nilimsimulia haya mdogo wangu anayeishi Houston, Marekani. Huko gereji ya nyumbani ina mlango mmoja mpana unaopanda kwa mota ukibonyeza kitufe. Naye akanisimulia ya jirani yake. Mota ile ina kamba ya dharura kwa ndani, ya kuachanisha mlango na mota umeme ukikatika. Mtu akipenyeza waya mgumu juu ya mlango, pale mpira wa kuzuia mvua unapoacha mwanya, anaweza kuinasa kamba ile na kuivuta, kisha mlango unanyanyuka kwa mikono. Dawa yake ni ngao ndogo inayoizuia ndoana kufika kwenye kamba, au kuifupisha kamba bila kuiondoa, kwa kuwa siku ya moto ndiyo itakayomwokoa aliye ndani. Nilimsikiliza nikatikisa kichwa peke yangu na simu sikioni. Bahari ilikuwa kati yetu, milango haifanani, na tatizo lilikuwa lilelile: mwenye nyumba analinda kitufe, mwizi anatazama mwanya wa juu.

Kuna mambo madogo ambayo hayahitaji fundi. Dirisha la banda tulilipaka rangi nyeupe kwa ndani, ili mpita njia asifanye hesabu ya vilivyomo. Ufunguo wa akiba tuliutoa chini ya chungu cha maua, mahali ambapo kila mtu mtaani anaweka wake. Taa ya nje tuliweka ya jua, inayojiwasha mtu akipita, kwa sababu taa ya umeme wa kawaida inakufa usiku uleule unaoihitaji. Na kila baada ya miezi mitatu tunatia grisi kwenye makomeo na kupaka rangi ya kuzuia kutu kila panapochubuka. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi. Komeo likiwa zito mtu analiacha, kwanza siku anapochoka, kisha kila siku, na komeo lisilofungwa halina tofauti na pambo. Mlango mzuri ni ule ambao mtoto wa miaka kumi na miwili anaufunga bila kuambiwa mara ya pili.

Majirani nao tulikaa. Jioni moja, kwa mjumbe wetu, watu wa nyumba kama kumi na mbili, tukakubaliana jenereta zizimwe saa tano usiku. Tulipeana namba za simu, na kila nyumba ikanunua filimbi. Jambo moja lilijadiliwa kwa muda mrefu, nami nililisimamia kwa nguvu zangu zote: filimbi ikilia tutoke, tuwashe taa, tumwite askari, na asiguswe mtu. Nimeishi mjini muda wa kutosha kujua neno "mwizi" likipazwa usiku linaweza kufanya nini. Nimeona barabarani asubuhi alama nyeusi ya tairi lililochomwa, na mama mmoja amekaa kando yake. Watu husema siku za mwizi ni arobaini, na wanangoja ya arobaini. Mimi naona heri mlango umzuie siku ya kwanza. Kijana aliyekuta bawaba haitoki akaenda zake, amebaki na uhai wake, na mimi nimebaki na mali yangu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi ya mlango.

Mlango wetu haujaingiliwa tena. Mara moja, miaka minne iliyopita, tulikuta mikwaruzo mipya kwenye chuma bapa cha katikati, mitatu, kama mtu aliyejaribu kupenyeza kitu akakosa pa kupenyeza. Nilipitisha kidole juu ya mikwaruzo ile nikamkumbuka babu na kichochoro chake.

Sanduku la baba halikupatikana. Lakini wiki moja baada ya wizi, kijana wa bodaboda wa nyumba ya tatu alikuja na kitu amekifunga kwenye gazeti. Alikuwa ameazima spana namba 17 kwa mke wangu siku chache kabla, kukaza gurudumu la pikipiki yake, akachelewa kuirudisha. Alikuja kuomba radhi kwa kuchelewa. Niliifungua ile karatasi, nikaona nukta mbili karibu na mdomo wa spana, na nilishindwa kumjibu kwa muda.

Zile bolti za milimita 10 zinazoshika masikio ya kufuli, nati zake hukazwa kwa spana namba 17. Kila mwaka mwezi wa pili, kabla mvua za masika hazijaanza, naingia bandani, nafunga mlango, nasimama gizani mpaka macho yazoee, na kutafuta mahali ambapo mwanga wa nje unapenya. Kila penye mwanga pana mwanya. Kisha nachukua spana ya baba na kukaza nati, moja baada ya nyingine, nne zote.